Nacheza Tu, Sinoi Kitu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Michezo ya mafumbo ya namba inanoa akili, au ni kupoteza wakati?" Mimi nacheza Sudoku, fumbo la kujaza namba 1 hadi 9 kwenye visanduku, kwenye gemu ya mkononi, Nintendo DS ya mtumba niliyoinunua sokoni Darajani, na jibu langu ni kwamba sinoi kitu wala sipotezi kitu.

Linakotoka swali hili napajua. Nikiwa kwenye boti ya kwenda Pemba, nimeinamia kioo na kikalamu changu cha plastiki, hakosekani kijana wa kuniuliza, "Bibi, na wewe unacheza gemu?" Kabla sijafungua mdomo, mwanangu huwahi kunitetea: "Mama ananoa ubongo, asije akawa msahaulifu." Anasema kwa mapenzi, lakini utetezi huo siutaki. Mtaani kwetu wanaume hukaa kwenye bao tangu alasiri hadi adhana ya magharibi, mashimo 32, kete 64, kelele zinafika mpaka jikoni, na sijasikia hata siku moja mtu akiwauliza kama bao linawasaidia kumbukumbu. Wanacheza, basi. Mwanamke mtu mzima akishika mchezo, mchezo huo lazima ugeuzwe dawa.

Na dawa yenyewe imeshapimwa. Mwaka 2010 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa Adrian Owen na wenzake: watu 11,430 walifanya mazoezi ya akili kwenye kompyuta kwa wiki 6. Wakawa hodari wa mazoezi yaleyale waliyoyarudia. Katika mitihani myengine ya akili hawakuonesha faida ya maana. Mwaka 2016 kampuni yenye programu ya michezo ya akili iitwayo Lumosity, huko Marekani, ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya serikali kuishitaki kwa kuwaahidi watu kwamba michezo yake inanoa akili, bila ushahidi wa kutosha. Kwa hiyo mimi, baada ya miaka yote hii ya Sudoku, nimekuwa hodari wa Sudoku. Funguo za nyumba bado nazitafuta.

Sasa nini kinanikalisha pale? Uhakika. Fumbo lina miraba 9, kila mraba una visanduku 9, na namba haijirudii katika mraba wala katika mstari unaokata miraba mitatu iliyopangana. Tuseme 7 imeshakaa mstari wa juu katika mraba wa kwanza, na mstari wa kati katika mraba wa pili. Basi katika mraba wa tatu 7 haina pa kwenda ila mstari wa chini. Natazama: visanduku viwili vya chini vimeshajaa, kimebaki kimoja. Naandika 7. Sikubahatisha, sikuomba ushauri, na hakuna wa kunibishia. Nitajieni jambo jengine katika siku ya mtu linalomalizika hivyo! Hesabu za mchezo wa upatu wetu tu, watu tuliokaa mkeka mmoja, zina mabishano.

Wengi hukimbia wakiona namba, wakidhani ni hesabu za skuli. Hakuna kujumlisha wala kutoa. Ondoa namba 1 hadi 9, weka karafuu, iliki, mdalasini, pilipili manga, kungumanga, tangawizi, manjano, bizari na vanila. Sharti ni kwamba kila mstari wa kulala, kila mstari wa kusimama na kila mraba wa visanduku 9 uwe na kila kiungo mara moja. Mchezo ni uleule. Fumbo halali lina jibu moja tu, na mwaka 2012 mwanahisabati Gary McGuire wa Dublin alithibitisha kwa kompyuta kwamba ili jibu liwe moja, namba unazopewa mwanzo haziwezi kuwa chini ya 17.

Na kwa wale wanaoona gemu ni mambo ya watoto: aliyelitunga fumbo hili inaaminika ni Howard Garns, Mmarekani, msanifu wa majengo aliyekwisha kustaafu, lilichapishwa mwaka 1979. Wajapani wakalipenda na kulipatia jina lake la Sudoku miaka ya 1980. Aliyelipeleka kwenye gazeti la The Times la London mwaka 2004 ni Wayne Gould wa New Zealand, jaji mstaafu. Wazee watupu.

Mimi lilinikolea wakati Unguja ilipokosa umeme, Desemba 2009 hadi Machi 2010. Redio kimya, feni kimya, gemu nikiichaji kwa jirani mwenye jenereta. Kioo chake kina mwanga wake, nikicheza ndani ya chandarua bila mshumaa.

Simu pia ina Sudoku, najua. Lakini simu inalia, inaleta matangazo, na mtu akikuona umeishika anadhani unaweza kuzungumza.

Anayetaka kuanza, jambo la kwanza azime ile alama inayokwambia papo hapo kuwa umekosea, kama mchezo wake unaruhusu. Ukiiacha utaanza kujaribu namba moja baada ya nyengine mpaka ikubali, na hiyo ni kazi ya kubonyeza. La pili, kama ni safari ya Pemba, amalize fumbo lake kabla ya Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Boti ikishaipita Nungwi inaingia bahari kubwa, na hapo hata mimi nafunga gemu, naomba mfuko kama wenzangu.