Gereji ya Wasomaji: Land Rover ya zamani, spotilaiti na chumvi ya pwani

SWALI: Nina Land Rover 109 Series III ya petroli, ya mwaka 1978. Msimu wa korosho napita sana usiku kati ya Nachingwea na Liwale na taa za mbele hazitoshi. Fundi alinifungia spotilaiti 2 za wati 55 kwenye bampa, waya akauchukua kwenye swichi ya taa kubwa. Zinatoa mwanga mwekundu usiofika mbali, na sasa swichi inanuka kuungua. Je, niweke balbu za wati 100? – Msomaji, Nachingwea

JIBU: Hapana ndugu yetu. Kabla ya lolote, chomoa hizo spotilaiti kwenye swichi leo hii. Tatizo lako si balbu, ni njia ambayo umeme unapita.

Taa kubwa 2 za wati 60 zinavuta kama ampia 10. Ukiongeza spotilaiti 2 za wati 55, unaongeza ampia 9 nyingine. Ampia 19 zote zinapita kwenye swichi ya miaka ya sabini na kwenye waya mwembamba unaotoka kwenye betri, unaingia kwenye dashibodi, kisha unarudi mbele. Swichi inapata moto na volti zinapotea njiani. Balbu ya halojeni haisamehe upungufu wa volti: ikikosa asilimia 10 tu ya volti zake, mwanga unashuka kwa karibu theluthi. Ndiyo maana unaona wekundu. Ukiweka wati 100, ampia zitapanda, volti zitazidi kupotea, na kitakachofuata ni waya kuyeyuka nyuma ya dashibodi.

Hakikisha kwa multimita. Injini ikiwa inanguruma na taa zimewaka, pima kwenye betri: unatakiwa kupata kati ya volti 13.8 na 14.2. Kisha pima kwenye terminali za spotilaiti yenyewe. Ukikuta 12 au chini yake, umeme unaishia njiani.

Dawa ni rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Nunua rilei moja ya pini 4, volti 12, ampia 30 au 40. Kishikio cha fyuzi chenye kifuniko cha kuzuia maji na fyuzi ya ampia 15. Waya wa milimita za mraba 2.5 wa kutosha. Na mita chache za waya mwembamba wa 0.75. Toa kwanza waya wa athi (unaounganisha betri na chasisi) kwenye betri. Pini namba 30 inapata umeme moja kwa moja kutoka chanya ya betri, na fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 20. Ukiiweka huko mbele karibu na taa, kipande chote cha nyuma yake hakina ulinzi, na hicho ndicho kitakachopiga shoti kikichubuka. Pini 87 inakwenda kwenye spotilaiti zote mbili. Pini 85 ni athi. Pini 86 inapokea ishara kwa ule waya mwembamba, ukipitia swichi ndogo ya dashibodi. Ishara yenyewe haifiki hata robo ya ampia, kwa hiyo swichi haitapata moto tena.

Ishara hiyo ichukue kwenye waya wa fuli (mwanga wa mbali). Kwa rangi za waya za Lucas, kampuni ya vifaa vya umeme, zilizotoka na gari lako, ni bluu yenye mstari mweupe. Bluu yenye mstari mwekundu ni dimu (mwanga wa chini). Magari ya umri huu yameshapita kwenye mikono mingi, kwa hiyo usiamini rangi peke yake: weka taa ya kupimia, washa fuli, rudisha dimu, uone waya upi unazimika. Ukiunganisha hapo, gari likija mbele yako unapiga dimu na spotilaiti zinazima zenyewe. Hilo ni la lazima. Dereva wa lori la korosho aliyepofushwa hana namna ya kukuona wewe wala mwenda kwa miguu aliye pembeni.

Sasa tuje kwenye athi, ambako kazi nyingi huharibikia. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, na bampa limeshikwa kwenye chasisi kwa bolti zilizojaa kutu. Mafundi wengi wanafunga taa kwenye bampa na kuhesabu kwamba bolti ndiyo athi. Usikubali. Kila taa ipate waya wake wa athi wa 2.5 hadi sehemu moja kwenye chasisi iliyokwanguliwa mpaka chuma king'ae, au bora zaidi hadi hasi ya betri. Ukimaliza, weka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha taa, huku taa zikiwaka. Ikizidi volti 0.2, bado kuna athi mbovu.

Rilei ifunge ndani ya boneti, pini zikitazama chini ili maji yasituame. Viungo vibanwe kwa lagi (vichwa vya chuma vya kubania ncha za waya) na koleo lake. Kusokota waya na kuzungushia tepu hakufai kabisa kwa ukanda wetu wa pwani. Baada ya masika utakuta shaba imegeuka kijani. Popote waya unapopenya bati, weka mpira wa tundu. Fyuzi iwe kitu cha mwisho kuchomeka.

Kuhusu alteneta: taa kubwa, za nyuma, waipa, koili na spotilaiti kwa pamoja vinafika kama ampia 25. Alteneta ya Lucas ya ampia 34 iliyo nzima inamudu, ingawa gari likiwa limesimama kwa silensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) itatoa pungufu. Wenye Series II na IIA, matoleo ya kabla ya lako, zenye dainamo ya ampia 22 badala ya alteneta, hawatamudu. Wabadilishe dainamo kwanza. Na mengi ya magari hayo yalitoka na athi chanya (chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye chasisi), kwa hiyo angalia betri kabla ya kufunga taa yoyote ya LED, maana ukigeuza chanya na hasi, haiwaki na huenda ikaungua.

Mwisho, kulenga. Pakia gari kama linavyopakiwa siku zote, maana magunia yakikaa nyuma, pua inainuka na mwanga unakwenda juu kwenye mikorosho. Simama mita 8 kutoka ukutani kwenye sakafu tambarare. Kitovu cha mwanga kiwe sawa na urefu wa taa au chini kidogo. Zibaki kwenye bampa. Zikipanda kwenye keria, zinamulika boneti na vumbi lililo mbele ya macho yako, na kwenye vumbi la lori utaona ukuta mweupe mtupu.

SWALI: Chasisi ya 109 yangu inaonekana nzima, lakini fundi aligonga nyundo karibu na kishikio cha bodi, ikatoboka. Anataka kubandika bati juu ya kutu. Naishi Mikindani, mita chache kutoka baharini. – Msomaji, Mikindani

JIBU: Mzuie, kaka. Chasisi ya Series ni boksi la bati la takriban milimita 2, na huliwa kuanzia ndani, ambako matope yenye chumvi yanakaa mwaka mzima. Ukibandika juu, bati jipya linashika kwenye kutu, joto la kuchomelea linazidi kuliumiza lile la zamani, na unyevu unafungiwa humo.

Gonga chasisi yote kwa nyundo ndogo, hasa vishikio vya bodi pande zote, sehemu za kushikia springi, na boriti ya nyuma kabisa. Chuma kizima kina mlio. Kilichooza kina sauti ya kufa. Chora chaki kila penye sauti hiyo, kisha kata mpaka ufike penye chuma safi, hata kama tundu litakuwa kubwa kuliko ulivyotaka. Kiraka kiwe cha bati la milimita 2 au 3, kichomelewe ukingo wote, si kwa madoa. Kama panapokatwa pamebeba springi au bodi, weka jeki na nguzo kwanza, la sivyo chasisi itapinda na milango haitafunga tena.

Kabla ya kuchomelea, toa waya za betri na za alteneta, na shusha tangi la petroli ulitoe nje ya gereji. Usikubali kuambiwa "tutafunika kwa gunia bichi". Tangi lililobaki na mvuke ni hatari kuliko lililojaa.

Ukimaliza, zibua matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya chasisi, osha ndani kwa maji baridi yasiyo na chumvi, liache likauke juani siku mbili tatu, kisha puliza nta ya kuzuia kutu, au oili safi ya gia kama nta haipatikani. Oili chafu ya injini ambayo wengi hupaka inabeba tindikali na inaharibu bushi za mpira. Na pale aluminiamu inapokutana na chuma, pale penye unga mweupe, kwangua, paka rangi pande zote mbili, weka kipande cha mpira katikati. Chumvi ikiwepo, aluminiamu ndiyo inayoliwa.

SWALI: Baada ya kuendesha kwenye mchanga na maji ya Msimbati, oili ya difu (gia za katikati ya ekseli) imekuwa kama chai ya maziwa. – Msomaji, Mtwara mjini

JIBU: Maji yameingia. Difu ikiwa na moto ukaitumbukiza kwenye maji, hewa ya ndani inasinyaa ghafla na kuvuta maji kupitia oili sili, hasa kama kipumulio kilicho juu ya ekseli kimeziba. Mwaga oili yote, jaza oili mpya ya gia ya EP90 mpaka ianze kumwagika kwenye tundu la kujazia (difu ya mbele ya Series inachukua kama lita 1.75), endesha kilomita chache, mwaga tena, jaza upya. Zibua kipumulio, au kipandishe kwa mpira mpaka ndani ya boneti. Angalia pia oili ya vifundo vya magurudumu ya mbele na grisi ya beringi za habu. Ukitoka ufukweni, osha chini ya gari siku hiyo hiyo kwa maji ya bomba.

SWALI: Vijana wangu wanataka kuinua 109 yetu na kuweka matairi makubwa. Tunabebea korosho tu. – Mama mkulima, Tandahimba

JIBU: Shikamoo mama. Waambie waache. Tairi la 7.50-16 linatosha kwa kazi yenu. Kubwa zaidi linazidisha mzigo kwenye gia na shafti za ekseli, breki zinachelewa kushika, na ukiinua springi, hozi za breki zinaweza kuvutika mpaka zikakatika. Fedha hiyo iende kwenye shokapu mpya 4 na bushi za springi. Kwenye mchanga, wapunguze upepo hadi kama psi 18, waende polepole, na wajaze tena kabla ya kurudi kwenye lami.