Medali za silva za urithi: uza au weka?

Usiziuze za kuyeyusha na usizisugue kwanza. Hizo alizokuachia babu zigeuze uangalie ukingoni, kuna kanamba kadogo, ukikuta 925 ni silva asilimia 92.5, 999 ni silva tupu, ila ukiona herufi EPNS hapo imepakwa silva juu tu, madini ya kuuza hamna. Pima na uzito, silva inahesabiwa kwa aunsi ya gramu 31.1 sio ile ya jikoni ya 28, wengi wanachanganya hapo. Mimi za kwangu nilizisugua na dawa ya meno eti zing'ae, ule uso unaong'aa kama kioo ukajaa mikwaruzo na mnunuzi akanipa bei ya kuyeyusha, mpaka leo inaniuma. Huo weusi unaoshika juu ya silva unatokana na salfa ya hewani tu, uache. Na kama boksi na cheti vipo msigawane moja moja kabla mtu anayejua medali hajaiona seti nzima. Ila zile za ukumbusho zilizotolewa kwa maelfu mara nyingi hazizidi bei ya silva yake, hizo bora mbaki nazo.