Barua kwa mwanangu: dawa ya damu na tumbo la mtoto

Mpwapwa

Mwanangu mpenzi,

Mjukuu wangu ana miezi minane, kliniki wamempima damu wakaikuta pungufu, wamempa dawa ya maji ya madini chuma. Nawe umesikia inavuruga bakteria wazuri wa tumboni, unaniuliza kama uiache.

Usiiache, mama. Ila ulichosikia si uzushi. Utumbo wa mtoto hufyonza sehemu ndogo tu ya chuma cha dawa. Kinachobaki hushuka utumbo mpana. Huko wanaishi bifidobakteria, ndio hao bakteria wazuri, wanaostawi kwa maziwa yako, na hao hawana haja kubwa na chuma. Wanaokigombania ni jamii ya E. koli, ambamo wamo wanaoleta kuhara. Kenya watafiti waliwatilia chuma kwenye uji wa mahindi watoto wa miezi sita, kwa miezi minne. Matokeo yalitoka 2015: bifidobakteria walipungua, E. koli wakaongezeka, na utumbo ukaonyesha dalili za kuvimba.

Sasa kwa nini nakuambia umpe? Akiba ya chuma aliyozaliwa nayo huanza kwisha kwenye miezi sita, na ubongo wake unakihitaji sasa hivi. Miaka yangu wodini nilishika viganja vya watoto vilivyopauka kama unga wa muhogo. Sitaki kuvishika vya mjukuu wangu.

Mnyonyeshe sana, hasa usiku ukitoka kazini. Maziwa yako yana laktoferini, protini inayokishika chuma bakteria wabaya wasikipate. Dawa ipime kwa bomba lake, kipimo kilekile alichoandikiwa. Mzazi mmoja aliwahi kumpimia mwanawe kwa kijiko cha mezani, tukakesha naye. Chupa iweke juu kabisa. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni dawa. Akihara au akipata homa, mrudishe kliniki siku hiyohiyo. Na neti isikosekane: Pemba, kwenye malaria nyingi, utafiti wa 2006 ulionyesha watoto waliopewa chuma pamoja na foliki asidi walilazwa na kufa zaidi, ingawa waliokuwa na upungufu wa chuma na wa damu walinufaika.

Chai usimpe, inazuia chuma. Uji wa uwele ukishaepua, koroga ubuyu. Vitamini C yake inasaidia chuma kufyonzwa. Nimeutwanga na kuuchekecha mwenyewe, hauna kokwa hata moja. Mfuko unakuja na basi la kesho asubuhi, uwahi stendi.

Mama yako