Maswali yenu kuhusu maambukizi ya ubongo

Shikamoo daktari. Mwanangu wa miezi minane alikuwa na homa kali. Shingo yake ilikuwa laini, lakini hospitali wakasema ni homa ya uti wa mgongo. Inawezekanaje?

Marahaba, mama. Inawezekana kabisa. Ugonjwa huu ni uvimbe wa utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo. Kwa mtu mzima shingo hukakamaa, kichwa huuma vibaya na mwanga humkera. Kwa mtoto mchanga shingo inaweza kubaki laini hadi mwisho. Kwake tazama mambo mengine: anakataa ziwa, analala mno na kumwamsha ni kazi, ukimbeba ili umbembeleze ndiyo kwanza analia zaidi, utosi umevimba, au anapata degedege. Dalili mojawapo kati ya hizo ikiambatana na homa, usisubiri kupambazuke. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika kila watu sita wanaopata ugonjwa huu kutokana na bakteria, mmoja hufariki. Mwenye bakteria hao anaweza kuamka na homa tu asubuhi, na jioni akawa mahututi.

Tumeambiwa baba achomwe sindano mgongoni. Majirani wanasema italemaza miguu. Tukatae?

Naomba msikatae. Kamba ya neva inayopita ndani ya mgongo haifiki hadi chini kabisa kiunoni. Kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano hupita chini ya hapo, penye maji, ili kuyatoa kidogo yakapimwe. Maumivu ya kichwa au ya mgongo kwa siku chache, hayo hutokea. Kupooza ni jambo la nadra sana.

Najua hofu hii inatoka wapi. Wanaochomwa sindano hiyo ni wagonjwa ambao tayari wako taabani, wengine wamecheleweshwa kwa siku kadhaa. Akifariki au akipooza, watu wanakumbuka sindano wanasahau ugonjwa. Nimeona familia zikimwondoa mgonjwa wodini kwa hofu hii, na inaniumiza kila mara, maana bila maji yale daktari anakisia. Bakteria wa kawaida, kifua kikuu na fangasi wote wanaweza kushambulia utando ule, na kila mmoja ana dawa zake na muda wake wa matibabu. Kuna wakati daktari mwenyewe huahirisha kipimo, kwa mfano akihofia shinikizo kubwa ndani ya fuvu. Hata hapo antibiotiki zianze bila kungoja.

Mjukuu alitupa macho, akakakamaa. Mimi nasema degedege ni la kufukiza kwanza, mkwe wangu anataka hospitali. Nani yuko sawa?

Shikamoo bibi. Mkwe wako yuko sawa, na nakuomba umuunge mkono, kwa kuwa nyumbani neno lako ndilo linalosikilizwa. Kwetu degedege lenye homa mara nyingi huja na malaria. Malaria kali ikifika kichwani, chembe za damu zenye vimelea hunata kwenye mishipa midogo ya ubongo na kuziba njia. Sukari ya damu nayo inaweza kushuka, na hiyo peke yake inatosha kumzimisha mtoto. Mlaze ubavu, usimtie kijiko wala dawa mdomoni, mkimbizeni kituoni. Sindano ya atesuneti inaokoa: utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliofanyika katika nchi tisa za Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, ulionyesha kuwa ilipunguza vifo vya watoto wenye malaria kali kwa zaidi ya moja ya tano ikilinganishwa na kwinini.

Kipimo cha malaria kikisoma chanya, bado mwombeni daktari afikirie homa ya uti wa mgongo. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili.

Naishi na VVU, niliacha dawa. Kichwa kinauma wiki ya tatu, panadol haisaidii.

Ndugu yangu, nenda leo, na useme wazi kwamba uliacha dawa. Kinga ikishuka sana, fangasi aitwaye kriptokokasi huingia ubongoni polepole, mara nyingi bila homa kubwa. Kuna kipimo cha damu cha kumtambua, majibu hutoka haraka. Usianze tena ARV mwenyewe nyumbani. Fangasi akiwepo anatibiwa kwanza, na ARV husubiri wiki kadhaa, kwani kuziwahisha kunaweza kuhatarisha maisha.

Naenda Umra. Chanjo ni ya lazima?

Ndiyo. Saudi Arabia inadai cheti cha chanjo ya meninjitisi, yaani homa ya uti wa mgongo, ya aina A, C, W na Y. Uchanjwe angalau siku kumi kabla ya kuwasili.

Binti yangu amepona homa ya uti wa mgongo, ila nikimwita haitiki. Walimu wanasema ni mkaidi.

Mpeleke akapimwe masikio wiki hii. Bakteria wa ugonjwa huu huweza kuharibu sikio la ndani, na kila aliyeugua anastahili kipimo hicho mapema, kwa sababu sikio la ndani huweza kujaa mfupa na kupunguza nafasi ya kusaidiwa kwa upasuaji. Walimu waambiwe aliugua nini, akae dawati la mbele, na wazungumze naye wakimtazama usoni.