Mpaka wa Kenya na Somalia baharini

SWALI: Mhariri, mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mgogoro wa mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia. Je, isingekuwa haki zaidi kuligawa eneo hilo nusu kwa nusu? (Msomaji, Lamu)

JIBU: Nusu kwa nusu ingewezekana tu kama madai ya kila upande yangekuwa na msingi, maana vinginevyo anayedai kupita kiasi ndiye angefaidika. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unataka suluhisho la haki bila kueleza linavyopatikana, kwa hiyo majaji huchora kwanza mstari wa muda ulio umbali sawa kutoka pwani zote mbili, kisha huangalia kama umbo la pwani linasababisha nchi moja kuonewa, na mwishowe hulinganisha urefu wa pwani na ukubwa wa bahari ambayo kila nchi imepata.

Kenya ilidai mstari unaoelekea mashariki moja kwa moja sambamba na latitudo, kwa hoja kwamba Somalia ilikuwa imeukubali kwa kunyamaza kwake tangu tangazo la rais wa Kenya la mwaka 1979. Majaji wote waliikataa hoja hiyo. Hata hivyo, Somalia nayo haikupata yote iliyotaka: ndani ya maili 12 za bahari mstari wa kati ulibaki, lakini kuanzia hapo ulisogezwa kaskazini kwa manufaa ya Kenya, kwa sababu pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania ikitazamwa kwa pamoja imeingia ndani, na Kenya iliyo katikati ingebanwa.

Hapo ndipo penye utata. Kwa upande wa kusini, Kenya inabanwa pia na mpaka iliokubaliana yenyewe na Tanzania, unaofuata latitudo, na baadhi ya majaji walieleza kutoridhishwa na hatua ya kuihusisha pwani ya nchi ya tatu. Binafsi naona hoja yao ni nzito, kwani si rahisi kueleza kwa nini Somalia ilipie makubaliano ambayo haikushiriki.

Kenya ilitangaza kutoitambua hukumu hiyo. Kisheria haina rufaa, lakini nchi hizo mbili bado zina uhuru wa kukubaliana mstari mwingine, au kuvua na kutafuta mafuta kwa pamoja.