Oili ya SP kwenye Noah iliyoandikiwa SL

Mkuu, umeuliza kama oili ya SP inafaa kwenye Noah ambayo kitabu chake kinasema SL. Weka tu, haina shida. Herufi hizo ni kiwango cha ubora wa oili, na za injini ya petroli (zinazoanza na S) zinapanda: SL ilitoka 2001, SN 2010, SP 2020, na mpya hubeba kazi ya zile za nyuma yake. Huyo wa dukani aliyekuambia 20W-50 ndiyo "kali zaidi" kachanganya mambo. Hiyo namba ni uzito wa oili, yaani inavyotiririka kwa wepesi au kwa shida, haisemi lolote kuhusu ubora. Uzito fuata kitabu cha gari, jua la Dodoma lisikutishe.

Cha kuogopa ni SF. Hapa gereji Majengo madumu yake bado yanaletwa kila siku kwa sababu ni bei poa, na ni kiwango cha miaka ya 1980! Lebo ing'ae vipi, kiache.

Inayoanza na C, mfano CI-4, imelenga dizeli. Zipo zilizoandikwa zote mbili, S na C, hizo sawa.

Ila inayobaki kwenye dumu usimpe kijana wa bodaboda. Klachi ya pikipiki nyingi inaoga humo humo kwenye oili, inaweza kuanza kuteleza. Yeye atafute iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili ya pikipiki zenye klachi ya hivyo.