Kava la gari: linalinda rangi au linaikwaruza?

Ndugu yangu, umeuliza kama kava litaisaidia rangi ya gari unaloegesha nje hapo Malindi, au litaiharibu. Yote mawili yanawezekana.

Kinachokwaruza hasa ni mchanga ulionaswa chini ya kava. Kusi ikivuma, kitambaa hupigapiga bodi kutwa kucha, na zile chembe hufanya kazi ya msasa. Kava langu la kwanza lilikuwa legevu. Miezi michache tu boneti ikajaa mikwaruzo myembamba kama utando wa buibui. Iliniuma sana.

Kwa hiyo usifunike gari lenye vumbi, hata mara moja. Lioshe kwa maji matamu, si ya kisima chenye chumvi, na likauke kabisa. Chagua kava linalopitisha hewa, lenye bitana laini, lililoshika umbo la gari, ulifunge kamba chini ya tumbo. Turubai la plastiki liache: hunasa unyevu, na kwa hewa yetu ya bahari kutu haikawii.

Kama unaliendesha kila siku, mimi ningejenga kibanda cha makuti. Jua halifiki, na hakuna kinachosugua. Rangi ikishafanya malengelenge au kubambuka, mwone fundi wa rangi kabla ya kulifunika tena.